Kijana mkimya: ni mpole, au anaogopa watu?



Kila mara shule zinapofunguliwa, wazazi wanaokuja ofisini kwetu hutuambia maneno yanayofanana: "Mtoto wangu hana shida. Akitoka shule anaingia chumbani, hasumbui mtu." Mzazi husema hivyo kwa kuridhika. Amesikia habari za watoto wa wenzake wanaozurura usiku, kwa hiyo anaona afadhali huyu wake aliyetulia.

Wazazi wengi wanaosema hivyo wako sahihi. Kuna vijana wakimya, na hawana tatizo lolote. Lakini wapo wengine ambao ukimya wao unatokana na hofu. Hofu hiyo ikikaa miaka mingi bila mtu kuigundua, inaweza kumfikisha kijana mahali pa kuona ni heri asingekuwepo duniani. Makala hii inaeleza hofu hiyo ni nini, inavyohusiana na kujiua, na familia iliyohamia Marekani inaweza kufanya nini.

Kama leo hii nyumbani kwako kuna mtu anayesema anataka kufa, usingoje kumaliza kusoma. Piga simu namba 988. Kama hatari ipo sasa hivi, piga 911. Usimwache peke yake.

Haya, woga na ugonjwa

Sisi tumelelewa kuheshimu haya. Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa, anayenyamaza wageni wakiongea, ana adabu. Haya ni kitu kizuri. Na kila mtu huona woga kidogo anapoitwa kusimama mbele ya watu. Mapigo ya moyo huenda mbio, kisha hutulia.

Ugonjwa wa hofu ya kuwa mbele za watu ni kitu kingine. Mwenye ugonjwa huu anaogopa sana kwamba watu wanamtazama, wanampima na watamdharau. Anaogopa kuulizwa swali darasani, kula mbele ya wenzake, kupokea simu, kununua kitu dukani, hata kuingia darasani akiwa amechelewa dakika mbili. Madaktari huuita ugonjwa pale hofu inapodumu kwa miezi 6 au zaidi, ikiwa kubwa kuliko jambo lenyewe, na ikimzuia mtu kuishi maisha yake ya kawaida.

Njia nzuri ya kutofautisha ni kuangalia kama kijana anabaki na uhuru wa kuchagua. Mwenye haya anaweza kusema akitaka kusema. Mwenye hofu hii anataka kusema, jibu analijua, lakini mdomo haufunguki. Mpole hukaa chumbani kwa sababu anapenda utulivu. Mwenye hofu hukaa chumbani kwa sababu nje panamtisha, na humo chumbani hana raha.

Ugonjwa huu si nadra. Hapa Marekani, utafiti mkubwa wa vijana wa miaka 13 hadi 18 ulionyesha kwamba takriban 9 kati ya kila 100 wamewahi kuwa nao. Kwa kawaida huanza mapema, mara nyingi katika umri wa miaka 8 hadi 15. Cha kusikitisha ni kwamba wengi huishi nao miaka 15 au zaidi kabla ya kutafuta matibabu, na wengine hawatafuti kabisa, kwa sababu kutafuta matibabu kunahitaji kuongea na mtu usiyemjua.

Kinachotokea ndani ya kijana

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kwa nini hofu hii haipungui yenyewe hata kama hakuna aliyemcheka kijana. Maelezo yao yanasaidia kuelewa tabia ambazo mzazi anaweza kudhani ni kiburi au uvivu.

Kwanza, kijana akiwa kati ya watu, macho yake hugeuka kujitazama mwenyewe. Badala ya kusikiliza mwalimu anasema nini, anasikiliza moyo wake unavyodunda na anahisi uso wake unavyopata moto. Anadhani kila mtu anaona anavyotetemeka, kumbe wenzake wanafikiria mambo yao.

Pili, hutumia mbinu za kujikinga. Huvaa kofia ya jaketi kichwani, huketi nyuma, huongea kwa sauti ndogo, hushika simu ili aonekane ana kazi. Mbinu hizo humpa nafuu ya dakika chache. Lakini siku ikipita salama, anasema moyoni, "Nimepona kwa sababu nilijificha." Hapati nafasi ya kugundua kwamba hata asingejificha, hakuna baya ambalo lingempata.

Tatu, akifika nyumbani huanza kurudia mambo ya siku nzima kichwani. Nilisema neno vibaya. Yule msichana alicheka, lazima alinicheka mimi. Anaweza kukesha akiwaza hivyo, na asubuhi anaumwa tumbo au kichwa, hataki kwenda shule. Tumbo linauma kweli. Hadanganyi.

Kwa nini vijana wetu hukwama zaidi

Hofu hii huwapata vijana wa kila taifa. Lakini maisha ya kuhamia nchi mpya huilisha.

Fikiria kijana wa miaka 16 aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Darasani kulikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati. Mwanafunzi mzuri alikuwa yule anayesikiliza na kunakili. Hapa, kuongea darasani huhesabiwa katika alama. Anatakiwa kufanya kazi ya kikundi, kusimama mbele na kueleza, kumtazama mwalimu machoni. Kwa sababu mara nyingi shule za hapa humpanga mtoto darasa kwa umri, anaweza kujikuta na wenzake waliosoma miaka mingi mfululizo, wakati yeye alipoteza miaka njiani. Kila akifungua mdomo, lafudhi yake inamtangaza. Mtu akimcheka mara moja tu, inatosha.

Hapo kuna mtego. Mwalimu wa Marekani akimwona kijana anayeinamisha macho, anadhani ndiyo desturi ya kwao, au kwamba Kiingereza bado. Mzazi nyumbani akimwona mkimya, anadhani ni adabu. Pande zote mbili zinamsifu kwa kutosumbua. Basi hakuna anayemuuliza.

Jambo jingine ni mzigo wa ukalimani. Vijana wetu hujifunza Kiingereza haraka kuliko wazazi, kwa hiyo ndio wanaosoma barua za umeme, kupiga simu bima, kumtafsiria mama kwa daktari. Kwa kijana wa kawaida hiyo ni kazi ngumu. Kwa kijana mwenye hofu ya watu, ni kama kusukumwa mbele ya hadhara kila wiki, na akikosea neno moja familia nzima inaweza kupata hasara. Wengi hawasemi, kwa sababu wanawaonea wazazi wao huruma.

Na wapo waliobeba mengine: vita, ndugu waliobaki nyuma, waliyoyaona njiani. Hayo yakichanganyika na hofu ya watu, kijana anahitaji msaada wa mtaalamu mapema zaidi.

Hofu inavyoweza kufika kwenye mawazo ya kifo

Tuseme wazi ili tusitishane: vijana wengi wenye hofu hii hawafikirii kujiua. Hofu ya watu peke yake haimuui mtu. Hatari huongezeka kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kukwepa. Kijana anaacha mpira, anaacha kwaya, anaacha kula kwenye ukumbi wa shule. Hatua ya pili ni upweke. Marafiki wanaacha kumwita kwa sababu hajibu. Hatua ya tatu ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na kukosa nguvu na kukosa hamu ya vitu alivyovipenda. Hatua ya nne ni mawazo kwamba yeye ni mzigo: wazazi wamepata taabu ili nifike hapa, na mimi hata kuongea siwezi. Anayejiona mpweke, na pia mzigo kwa awapendao, ndipo anaweza kuanza kuona kifo kama njia ya kuwapumzisha wengine.

Hatari nyingine ni kwamba ugonjwa huu humfunga mtu mdomo pale anapohitaji mno kusema. Mwenye malaria atasema anaumwa. Huyu, kusema ndiko kunakomuuma. Ndiyo maana hatuwezi kungoja aje mwenyewe. Ni lazima mtu mzima aende alipo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa watu wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Hapa Marekani, katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2023, takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano wa sekondari alisema kwamba katika mwaka uliotangulia aliwahi kufikiria kwa uzito kujiua. Wengi mno kati ya wenye mawazo hayo hawafi. Wanapata msaada, mawazo yanapita, wanaendelea kuishi.

Dalili za kuangalia

Dalili za hofu ya watu:
- Kuumwa tumbo au kichwa asubuhi za shule, na kupona Jumamosi.
- Kutokula shuleni, au kula chooni ili asionekane.
- Kukataa kupokea simu, kuagiza chakula, au kusalimia wageni waliokuja nyumbani.
- Alama kushuka kwa sababu haongei wala hakabidhi kazi za kusimama mbele, ingawa masomo anayaelewa.
- Kujitukana: "mimi mjinga", "wananicheka wote".

Dalili kwamba hatari imeongezeka na unatakiwa kuchukua hatua leo:
- Kusema anataka kufa, au maneno ya kuzunguka kama "nimechoka na haya maisha", "mngepumzika kama nisingekuwepo".
- Kugawa vitu anavyovipenda, au kuaga watu bila sababu.
- Kutafuta njia za kujidhuru, au kujiumiza mwili.
- Kukosa usingizi kabisa au kulala mchana kutwa, kuanza pombe au dawa za kulevya.
- Utulivu wa ghafla baada ya huzuni ndefu, ukiambatana na dalili nyingine zilizotajwa hapa.

Muulize waziwazi

Wazazi wengi huogopa kulitaja neno kujiua mbele ya mtoto, wakidhani watampa wazo hilo. Utafiti umeonyesha kinyume chake. Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu, kwa sababu sasa siri si yake peke yake.

Chagua wakati ambao hamtazamani uso kwa uso. Kwa kijana mwenye hofu, kutazamwa ni adhabu. Ongeeni mkiwa kwenye gari, mkiosha vyombo, mkitembea. Anza na ulichokiona: "Mwanangu, naona siku hizi huli shuleni, na usiku taa yako inawaka hadi saa nane. Sikugombezi. Nataka kujua unaendeleaje." Kisha nyamaza. Mpe muda mrefu kuliko uliozoea kumpa. Kama kuongea kunamshinda, mwambie akuandikie ujumbe kwenye simu, hata kama mko nyumba moja.

Halafu uliza moja kwa moja: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Usiulize, "Hufikirii ujinga, sivyo?" Swali la namna hiyo linamlazimisha ajibu hapana.

Kama anamwogopa baba, aulize mama. Kama wazazi wote hawawezi, aulize shangazi, mjomba, dada mkubwa au mtu wa kanisani au msikitini ambaye kijana anamwamini. Muhimu ni kwamba mtu mmoja amuulize.

Akijibu ndiyo

Usilie kwa sauti, usimpige, usimwambie ni dhambi, usimkumbushe mliyopitia mpaka kufika Marekani. Hayo yote yanaongeza mzigo ambao tayari unamlemea. Sema: "Asante kwa kuniambia. Sikuachi. Tutatafuta msaada pamoja." Kisha fanya haya:

1. Kaa naye. Usimwache peke yake usiku huo.
2. Ondoa au funga kwa ufunguo vitu vya hatari. Dawa zote za nyumbani, hata zile za maumivu za kawaida, ziweke kwenye sanduku lenye kufuli. Kama kuna bunduki ndani ya nyumba, itolewe nje ya nyumba kwa muda, au ifungiwe bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine. Hatua hii huokoa maisha, kwa sababu wakati wa hatari kubwa mara nyingi ni mfupi, na mtu akivushwa hapo anaweza kupona.
3. Piga 988 pamoja naye.
4. Kama tayari amejidhuru au yuko karibu kujidhuru, piga 911 au mpeleke hospitali, idara ya dharura. Kama amemeza kitu na bado anaongea vizuri, unaweza pia kupiga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa 24. Kama amezimia au anapumua kwa shida, ni 911.

Namba 988 inavyofanya kazi

Namba hii ilianza kutumika nchi nzima Julai 2022. Ni bure, saa 24, kila siku. Kwanza utasikia sauti iliyorekodiwa kwa Kiingereza. Usikate simu, subiri mtu halisi apokee. Akipokea, sema neno moja tu: "Swahili". Atatafuta mkalimani kwenye simu, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kijana anayejua Kiingereza na anayeogopa kuongea anaweza kutuma ujumbe wa maandishi kwenye namba hiyohiyo, 988. Kwa kijana mwenye hofu ya watu, kuandika ni njia nzuri sana.

Mzazi pia anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto, kuuliza tu afanye nini. Si lazima mtu awe anakufa ndipo upige.

Shule, hospitali na haki yako ya mkalimani

Kila shule ya umma kwa kawaida ina mshauri wa wanafunzi. Omba kuonana naye. Mwambie kwa ufupi: mtoto wangu anaogopa sana kuwa mbele za watu, hali shuleni, na amekuwa na huzuni. Omba mpango wa kumsaidia darasani. Shule inaweza, kwa mfano, kumruhusu awasilishe kazi mbele ya mwalimu peke yake kwanza, kumpa mahali pa utulivu pa kulia chakula pamoja na mwenzake mmoja, au kumpa ruhusa ya kutoka darasani dakika tano akizidiwa. Sheria ya Marekani inayowalinda wanafunzi wenye ulemavu huweza kuhusu pia ugonjwa wa akili unaomzuia mtoto kusoma.

Una haki ya mkalimani bila malipo. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazihusu shule na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu. Usikubali mtoto wako awe mkalimani katika mazungumzo haya. Hospitali hairuhusiwi kumtegemea mtoto mdogo kutafsiri, isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mkalimani. Na fikiria mwenyewe: kijana atawezaje kutafsiri kwa mama yake kwamba anataka kufa?

Ukiwa na mkalimani, eleza kwa urefu. Sisi tukisema "ana mawazo", tunaelewana kwamba mtu ana huzuni na dhiki. Likitafsiriwa neno kwa neno, daktari atasikia tu kwamba kijana anafikiri, jambo ambalo kila mtu hufanya. Badala yake sema: halali, hali, analia, anasema heri afe, imeanza mwezi fulani. Kama mkalimani ni mtu mnayefahamiana naye na unaogopa habari itaenea, una ruhusa kuomba mwingine kwa njia ya simu. Mkalimani wa kazi hiyo anatakiwa kutunza siri.

Matibabu yapo, na yanafaa

Matibabu yanayotangulia ni ya mazungumzo. Mtaalamu hukutana na kijana mara kwa mara, mara nyingi kila wiki kwa miezi kadhaa. Humsaidia kuchunguza mawazo yake, kisha kuijaribu hofu kidogo kidogo, kama kupanda ngazi. Hakuna anayemsukuma kutoka chini hadi juu kwa siku moja.

Ngazi ya kijana mmoja inaweza kuwa hivi: wiki ya kwanza kumsalimia dereva wa basi la shule. Baadaye kumuuliza mtunza maktaba kitabu kiko wapi. Kisha kununua mkate dukani na kulipa mwenyewe. Kisha kula ukumbini na mwenzake mmoja. Kisha kujibu swali moja darasani. Kila ngazi hurudiwa mpaka hofu ipungue, ndipo apande nyingine. Nyumbani unaweza kumsaidia kwa kumsifu alipojaribu, hata kama sauti ilitetemeka. Usimfanyie kila kitu, wala usimlazimishe mbele ya wageni. "Hebu waimbie shangazi zako wimbo" si tiba.

Wakati mwingine daktari huongeza dawa, kama fluoxetine au sertraline. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu kamili. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya kwamba kwa walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka, hasa wiki za mwanzo au kipimo kinapobadilishwa. Haina maana kwamba dawa ni mbaya. Maana yake mzazi amwangalie kijana kwa karibu wakati huo na ampigie daktari haraka akiona amebadilika. Usisimamishe dawa ghafla bila kumuuliza daktari, na usimpe dawa ya mtu mwingine.

Aliyewahi kuwa na mawazo ya kujiua anatakiwa pia kuwa na mpango wa usalama. Wataalamu wengi hapa hutumia ule uliotungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni karatasi moja ambayo kijana huijaza pamoja na mtaalamu: dalili zinazoonyesha hali inaanza kuwa mbaya, mambo anayoweza kufanya peke yake kujituliza, watu na mahali pa kumwondolea mawazo, watu wa kuwaomba msaada, namba za wataalamu, na jinsi ya kuifanya nyumba iwe salama. Mzazi aijue karatasi hiyo ilipo.

Maswali tunayoulizwa

*Nikisema, serikali itanichukulia mtoto?* Mtoto kuwa na hofu au huzuni si kosa la mzazi, na kumtafutia matibabu ni dalili ya malezi mema. Walimu na madaktari wana wajibu wa kisheria kutoa taarifa wanaposhuku mtoto anapigwa au ametelekezwa. Ugonjwa peke yake hauingii humo.

*Je, kujaribu kujiua ni kosa la jinai?* Katika baadhi ya nchi tulizotoka, sheria za tangu enzi za ukoloni zimekuwa zikihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wamezoea kuficha. Hapa Marekani mtu aliyejaribu kujiua hutibiwa, hafungwi kwa hilo. Polisi wanaweza kufika ukipiga 911, kwa hiyo waambie mapema kwamba ni ugonjwa na kwamba unahitaji gari la wagonjwa. Kama una swali kuhusu makaratasi ya uhamiaji, muulize mwanasheria, lakini usingoje jibu lake ndipo umpeleke mtoto hospitali.

*Si afadhali tumwombee?* Mwombeeni, na mumpeleke kwa mtaalamu. Viongozi wa dini wanaweza kusaidia sana wakimtembelea kijana kwa upole na kumwambia kwamba kuumwa si kukosa imani. Lakini tafadhali msimsimamishe mbele ya kusanyiko zima ili aombewe. Kwa mwenye ugonjwa huu, hilo ndilo jambo analoliogopa kuliko yote.

Kwako kijana

Kama umejisoma humu ndani, jua kwamba unachokisikia kina jina, wengine wengi wanacho, na kinatibika. Huna haja ya kuanza kwa kuongea. Mwandikie mtu mmoja unayemwamini maneno haya: "Naogopa kuongea, lakini nahitaji msaada." Unaweza hata kumpa ukurasa huu na kuweka alama kwenye sehemu zinazokuhusu. Kama mtu wa kwanza hakuelewi, mwandikie wa pili. Wazazi wako hawakukuleta hapa ili ufaulu tu. Wanataka uwe hai.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Kama una shaka kuhusu mtoto wako, njoo ofisini au mpigie mhudumu wako wa kesi. Sema tu, "Nataka mtoto wangu aonane na mtu wa afya ya akili." Tutakusaidia kupanga miadi, kupata mkalimani, na kuuliza bima inalipa nini.

Kata sehemu hii uibandike kwenye friji:

988: mawazo ya kujiua, dhiki kubwa. Simu au ujumbe. Sema "Swahili".
911: hatari ya sasa hivi.
1-800-222-1222: amemeza kitu cha hatari.